Filamu za kutisha za Ulaya ya zamani: uanze na ipi?

Ukimuuliza mpenzi wa filamu za kale uanzie wapi na filamu za kutisha za Ulaya, mara nyingi atakutuma kwenye Nosferatu ya 1922, kisha atakupandisha mwaka kwa mwaka hadi ufike kwenye zile za rangi. Huo ni utaratibu wa mwalimu wa historia. Mtu anayetaka kuogopa usiku wa Ijumaa haumfai. Mkalishe mgeni mbele ya filamu bubu ya saa moja na nusu bila kumwambia afuate nini, atakuwa ameshika simu kabla ya nusu saa, na kesho yake atawaambia wenzake kwamba Wazungu wa zamani waliogopa vitu vya kuchekesha.

Kwa hiyo sifuati miaka. Siku za karibuni nimezitazama upya sita: Nosferatu, Dracula ya 1958 kutoka Uingereza, La maschera del demonio ya Mwitaliano Mario Bava, Les Yeux sans visage ya Mfaransa Georges Franju, The Innocents ya Jack Clayton, na Suspiria ya Dario Argento. Nimezipanga mbili mbili, kwa sababu kila moja huonekana vizuri zaidi ikiwa ubavuni mwa nyingine. Nisikuzungushe: ya kuanza nayo ni ile ya Franju. Sababu zinakuja, lakini kwanza tuwamalize wanyonya damu, maana ndio wengi huwakimbilia.

Mnyonya damu wa tauni na mnyonya damu wa kasri

Nosferatu na Dracula zote mbili chimbuko lake ni riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Ya Wajerumani, yaani Nosferatu, ilikuwa ya wizi. Kampuni ya Prana-Film haikulipia haki; ilibadili majina, Dracula akawa Orlok, ikadhani mambo yamekwisha. Florence, mjane wa Stoker, akaishtaki huko huko Ujerumani, na mwaka 1925 ikaamriwa nakala ziteketezwe. Tunaiona leo kwa sababu nakala nyingine zilikwishavuka mipaka.

Orlok, anayechezwa na Max Schreck, hana mvuto wowote. Ni kipara, masikio yamechongoka, meno mawili ya mbele yamesogeleana kama ya panya, mabega yamepanda, mikono imebana mbavuni. Na hao panya wapo kweli: meli inapotia nanga katika mji wa Wisborg, anashuka nao, na tauni inashuka nyuma yao. Muda si mrefu unaona mtaa mtupu na watu waliovaa nyeusi wakipita na majeneza mabegani, mstari mrefu usiokwisha. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa imetoka kwenye vita kuu na homa ya 1918. Sidhani kuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa mstari ule unasema nini, na sisi tuliopita kwenye korona hatuhitaji pia.

Dracula wa Christopher Lee ni kinyume chake. Mwongozaji Terence Fisher anamwonyesha kwanza kama kivuli juu ya ngazi, muziki ukigonga, unajiandaa kuona jitu. Halafu anateremka bwana mrefu, mtanashati, anajitambulisha kwa sauti ya upole kama mwenye hoteli. Dakika chache baadaye mlango unafunguka kwa kishindo na bwana yule yule ana macho mekundu na damu kidevuni. Mabadiliko hayo ndiyo filamu yenyewe. Tangu amalize mazungumzo na mgeni wake wa kwanza, Lee hasemi neno tena mpaka mwisho, na haonekani mara nyingi. Hofu inafanywa na nafasi anazoziacha wazi: dirisha lililofunguliwa, majani makavu yanayoingia ndani na upepo, mwanamke anayevua mkufu wake wa msalaba na kuulaza kando ya kitanda.

Studio ya Hammer, iliyoitengeneza Dracula hiyo na iliyokuwa ikipiga picha zake Bray, kando ya mto Thames, ilikuwa na bajeti ndogo na ujasiri mkubwa wa rangi. Filamu inafunguka kwa damu inayodondokea jeneza lenye jina la Dracula, na damu hiyo ni nyekundu ya kung'aa kupita damu yoyote uliyowahi kuiona. Leo inachekesha kidogo. Mwaka 1958, kwa watu waliozoea wanyonya damu wa nyeusi na nyeupe, haikuchekesha.

Nani achague ipi? Dracula ina dakika 82, haina uzito tumboni, na Peter Cushing, kama Dakta Van Helsing, anakimbia juu ya meza kama kijana wa sarakasi ili akararue mapazia. Ni ya kutazamwa na watu wengi, hata na vijana wa sekondari, mkipiga soga katikati. Lakini nisikudanganye: haitishi sana. Ni filamu ya vituko na ushujaa iliyovaa joho jeusi.

Nosferatu inatisha zaidi, kwa masharti. Sharti la kwanza ni uwe peke yako au na watu wachache wanaoweza kunyamaza. La pili ni nakala. Kamera za wakati ule hazikuweza kupiga picha usiku, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana kisha nakala zikatiwa rangi ya buluu, na ya ndani ya nyumba rangi ya manjano. Nakala nyingi za bure mtandaoni zimebaki nyeusi na nyeupe tupu, ndipo unamwona Orlok akikatiza mji jua likiwaka, jeneza kwapani, ilhali filamu yenyewe ndiyo iliyoanzisha wazo kwamba jua linamuua mnyonya damu. Katika riwaya ya Stoker Dracula hutembea mchana, nguvu zake tu hupungua. Mtazamaji anaona upuuzi, anaizima. Kosa si la mwongozaji F. W. Murnau.

Sharti la tatu ni maandishi yanayokatiza picha. Hapa waliokulia kwenye vibanda umiza, ambako mtu mmoja na kipaza sauti huwachezea wahusika wote, wana faida kuliko mhakiki yeyote wa Berlin: mmoja wenu ayasome kwa sauti, kwa Kiswahili, akiongeza chumvi anapoona pamepoa. Nimejaribu na ndugu zangu, na ile sehemu ya mwisho, kivuli cha Orlok kikipanda ngazi na kivuli cha mkono wake kikifumba juu ya kifua cha mwanamke, ilimnyamazisha hata msimuliaji.

Kuna ya tatu ambayo mashabiki watanilaumu nikiiacha: Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, ya 1932. Ina tukio moja ambalo sijaona mfano wake, mtu akiwa ndani ya jeneza lenye dirisha la kioo, na kamera ikitazama juu kwa macho yake huku miti na mapaa ya nyumba yakipita. Ila hadithi yake inaelea kama ndoto ya mchana, na ukiwa umechoka utalala. Iache hadi uwe umeshazipenda hizi nyingine.

Mwaka mmoja, nyuso mbili: Roma na Paris, 1960

Bava na Franju walitoa filamu zao mwaka huo huo, zote nyeusi na nyeupe, zote zinahusu uso wa mwanamke na kitu kinachowekwa juu yake. Baada ya hapo haziafikiani kwa lolote.

La maschera del demonio haipotezi muda. Tuko Moldavia, karne ya 17. Asa, binti wa ukoo wa kifalme, amefungwa kwenye mti kwa kosa la uchawi, na anayemhukumu ni kaka yake mwenyewe. Mtu aliyefunika kichwa anamkaribia na kinyago cha chuma. Bava anageuza kamera tuone upande wa ndani: misumari mirefu imejipanga tayari. Kinyago kinasogea kuelekea kwetu, sisi tukiwa ndio Asa. Kisha nyundo kubwa ya mbao inanyanyuliwa, inashuka mara moja, basi. Dakika tano za kwanza za filamu, na wakaguzi wa Uingereza hawakuitaka nchini mwao hadi 1968.

Bava alikuwa mpiga picha kwa kazi na kwa urithi, maana baba yake, Eugenio, naye alikuwa wa kamera na mitego ya picha. Hii ndiyo filamu ya kwanza iliyobeba jina lake kama mwongozaji, na unaona furaha ya mtu aliyepewa funguo. Gari la farasi linapita msituni polepole mno, bila sauti yoyote, wala kwato wala magurudumu. Kinyago kinapoondolewa baada ya miaka mia mbili, matundu ya misumari bado yako wazi usoni na nge wanatoka kwenye mashimo ya macho. Barbara Steele, Mwingereza mwenye macho makubwa yasiyosahaulika, anacheza watu wawili, mchawi na mzao wa ukoo wake asiye na hatia, na nusu ya hofu ni kutokuwa na hakika ni yupi umemtazama.

Udhaifu wake? Vijana wa kiume waliomo hawana ladha, hasa daktari mdogo anayepaswa kupendwa. Mazungumzo ni ya kupita. Na kama ilivyokuwa desturi ya Waitaliano wa enzi hizo, sauti zote ziliingizwa baadaye studio, kwa hiyo midomo na maneno havikutani vizuri hata ukichagua Kiitaliano. Usiidai ikusimulie kisa. Ukuta, ukungu, mshumaa, uso, ndivyo ilivyotengenezwa kwavyo.

Inasemekana imetokana na hadithi ya Nikolai Gogol iitwayo Viy, lakini imechukua kidogo sana. Anayeitaka hadithi yenyewe aitafute Viy ya Kisovieti ya 1967: mwanafunzi wa seminari analazimishwa kusali usiku tatu kanisani, peke yake, karibu na maiti ya msichana mchawi, akijilinda kwa duara la chaki alilochora sakafuni. Ni fupi, ina rangi, ina kichekesho cha kijijini, na usiku wa tatu ni fujo tupu ya majini ya kila umbo. Ukiwa na watu wanaopenda hadithi za bibi, hiyo itawafaa kuliko ya Bava.

Sasa Paris.

Les Yeux sans visage inaanza na mwanamke akiendesha Citroën 2CV usiku. Muziki wa Maurice Jarre ni wa kuzungukazunguka, kama wa bembea za maonyesho, wa furaha iliyoharibika. Anajipangusia ukungu kwenye kioo, anatazama nyuma kwa hofu. Kwenye kiti cha nyuma kuna abiria aliyevaa koti na kofia iliyoshushwa usoni, kichwa kinaning'inia. Anasimama kando ya mto. Ndipo tunaelewa kwamba abiria ni maiti, na chini ya koti hana nguo, anaburutwa hadi majini.

Mwanamke huyo ni Louise, na anamfanyia kazi Dakta Génessier, bingwa wa upasuaji anayeheshimika, mtu wa mihadhara na makofi. Binti yake Christiane aliharibika uso katika ajali ya gari, na dereva alikuwa baba mwenyewe. Ametangaza kwamba binti amekufa. Kwa kweli amemficha ghorofani, amevaa barakoa nyeupe laini inayoacha macho tu, na Louise anazunguka Paris akitafuta wasichana wanaofanana naye kwa rika na sura. Anawapata kwa wema: tiketi ya ukumbi wa maigizo, chumba cha kupanga cha bei nafuu kwa mwanafunzi mgeni, lifti ya gari.

Hapa ndipo ninaposema mtazamaji wa kwetu ana mlango wake wa kuingilia. Mnyonya damu wa milima ya Ulaya anahitaji maelezo: kwa nini msalaba, kwa nini vitunguu saumu, kwa nini jeneza lenye udongo. Lakini gari linalopita usiku, watu wenye elimu na vifaa, na kijana anayechukuliwa ili sehemu ya mwili wake imponye mtu mwingine? Hiyo ni mumiani. Hofu hiyo ilitanda Afrika Mashariki nzima enzi za ukoloni, kutoka pwani hadi bara. Nairobi na Kampala watu waliwakimbia hata wazimamoto, wakiamini magari yao yanakusanya damu. Franju hakujua chochote kuhusu hilo, lakini alitengeneza filamu ambayo bibi wa Tanga angeielewa bila kutafsiriwa.

Katikati kuna upasuaji. Franju kabla ya hapo alikuwa amepiga filamu ya hali halisi ndani ya machinjio ya Paris, na jicho ni lile lile: halitetemeki, halikimbii. Taa kubwa juu. Daktari anachora kwa kalamu mstari kuzunguka uso wa msichana aliyelazwa, kwa uangalifu wa fundi cherehani. Anaomba kisu. Jasho linamtoka, Louise anampangusa. Anafuata mstari, anaweka vibano kimoja kimoja, kisha wote wawili wanainua. Hakuna anayepiga kelele, wala mchawi, wala radi. Leo tumeona filamu zenye damu mara mia ya hii, na bado niliutazama upande mwingine wa chumba.

Lakini si tukio hilo lililonikaa. Kuna pale Génessier anapoitwa kutambua maiti iliyopatikana mtoni. Anajua vizuri ni ya nani, ni yeye aliyemuua. Anasema ndiye binti yangu. Nje anakutana na baba halisi wa msichana yule, ambaye naye alikuja kumtafuta mwanawe, na Génessier anamwambia, kwa uso mkavu, kwamba yeye angalau bado ana tumaini. Pierre Brasseur anayecheza daktari hapandishi sauti hata kidogo. Na kuna mfululizo wa picha za kawaida za hospitali, zenye tarehe, zinazoonyesha ngozi iliyopandikizwa ikianza kuoza usoni siku baada ya siku, daktari akisoma maelezo kama anayesoma ripoti ya maabara.

Franju alisimulia kwamba mtayarishaji wake alimpa makatazo kabla hajaanza: damu nyingi hapana, wakaguzi wa Ufaransa watakasirika, kutesa wanyama hapana, Waingereza watakasirika, na daktari mwendawazimu hapana, kwa ajili ya Wajerumani. Ukizingatia kwamba kisa kinahusu daktari, mbwa waliofungiwa na nyuso zinazochunwa, unaelewa kwa nini filamu imekuwa ya upole kiasi hiki juu juu. Ilibidi ipite mlangoni imefunga vifungo vyote. Miaka 45 baadaye, mwaka 2005, madaktari wa Ufaransa katika mji wa Amiens walipandikiza kwa mara ya kwanza sehemu ya uso wa mtu, kwa ridhaa na kwa sheria. Kilichokuwa ndoto ya Génessier sasa ni tiba. Filamu haijazeeka kwa hilo hata kidogo, kwa sababu swali lake halikuwa kama inawezekana.

Kati ya hizi mbili, anayependa picha za kubandika ukutani, makasri na wachawi, achukue ya Bava. Mwenye nafasi ya filamu moja tu achukue ya Franju. Ina dakika 90, maneno machache, maandishi ya tafsiri hayatakukimbiza, na Édith Scob, aliyefunikwa uso karibu filamu nzima, anacheza kwa shingo, mabega na mwendo kuliko waigizaji wengi wanavyocheza kwa machozi. Tahadhari moja: wenye ndugu aliye kitandani baada ya upasuaji waisubirishe.

Kimya cha Bly na kelele za Freiburg

The Innocents, 1961, na Suspiria, 1977, zote zinaanza na msichana anayefika kwenye nyumba kubwa ya wageni kwake. Mmoja anakwenda kulea watoto wawili yatima kwenye nyumba ya shambani iitwayo Bly, Uingereza. Mwingine ni Mmarekani anayejiunga na chuo cha dansi Freiburg, Ujerumani. Zikilinganishwa kwa sauti ni mbingu na ardhi.

Ya Clayton inatoka kwenye hadithi ya Henry James ya 1898, na mwandishi Truman Capote alishiriki kuandika muswada wake wa filamu. Kabla hata nembo ya studio haijatokea, skrini ni nyeusi na mtoto anaimba. Hapo ndipo uamue kama unaendelea. Deborah Kerr ni mlezi Miss Giddens, mcha Mungu, mwenye mawazo mengi na usingizi mdogo, anayeanza kuwaona marehemu wawili waliowahi kufanya kazi pale. Je, anawaona kweli? Wenzake hawakiri kuwaona. Mpiga picha Freddie Francis alipaka rangi vichujio vyake ili pembeni mwa fremu pana pawe na giza, kwa hiyo muda wote unachungulia kando ukidhani kuna mtu.

Tukio lake kuu linatokea mchana. Ng'ambo ya ziwa, katikati ya matete, mwanamke aliyevaa nyeusi amesimama. Hasogei. Hakuna muziki wa kukurusha kitini. Yuko mbali kiasi kwamba huoni uso. Baadaye Miss Giddens anamkuta mwanamke huyo amekaa darasani akilia, anatoweka, na juu ya kibao cha kuandikia limebaki tone la chozi, bichi. Kama ni wazimu wa mlezi, chozi ni la nani? Nimebishana na watu juu ya tone hilo kuliko juu ya filamu nzima.

Ina dakika 100 na Kiingereza chake ni cha mabwana wa karne ya 19, kinachotaka utulie. Isiangaliwe kwenye simu ndani ya daladala. Giza lake lote litapotea na utabaki na watu wanaoongea kwa adabu.

Suspiria haikuombi utulie. Uwanja wa ndege, milango ya umeme ikifunguka muziki unaingia na upepo, ikifungwa unakatika. Kisha mvua, teksi, msitu, na msichana anayekimbia kutoka chuoni akisema maneno yasiyosikika. Bendi ya Goblin ilirekodi muziki mapema na Argento akaupiga wakati wa kupiga picha, waigizaji wakiusikia. Ngoma, minong'ono, kengele ndogo, vyote kwa sauti ya juu. Rangi nazo zinapiga kelele: nyekundu ya kuta, buluu ya korido, kijani isiyo na taa inayoitoa. Mpiga picha Luciano Tovoli na Argento walizitaka ziwe kali namna hiyo, na nakala zikachapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor iliyokuwa ikielekea kufa.

Kitu kimoja kidogo cha kuangalia: vitasa vya milango. Viko juu, karibu usawa wa vichwa vya wasichana. Argento alitaka awali wahusika wawe watoto wadogo. Haikuwezekana kwa filamu yenye mauaji ya aina hii, akachukua wasichana wakubwa lakini akaacha milango ya watoto. Hujui kwa nini wote wanaonekana wadogo na wasio na uwezo, hadi uone mkono wa Jessica Harper ukipanda kutafuta kitasa.

Hadithi yenyewe, tuseme ukweli, ni nyepesi kama karatasi, na watu hufanya mambo ambayo hakuna mwenye akili angefanya. Mauaji ya robo saa ya kwanza ni makali kuliko chochote katika zile tano nyingine. Mimi ningeitazama tena kesho. Mke wangu alitoka chumbani kabla ya kioo kuvunjika, na sikuwa na hoja ya kumrudisha.

Kwa kifupi cha jozi hii: wanaopenda kubishana baada ya filamu, The Innocents, wanaopenda kutikiswa na hawajali kisa, Suspiria, kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni. Usizitazame usiku mmoja. Ukimaliza ya Argento, ya Clayton utaiona kama imezimwa.

Kabla hujabonyeza

Majina ni mtego. Filamu hizi zilipovuka bahari zilikatwa, zikabadilishiwa muziki, zikapewa majina ya sokoni. La maschera del demonio iliuzwa Marekani kama Black Sunday, ikiwa imepunguzwa ukali na kuwekewa muziki mpya wa Les Baxter. Si mbaya, ila muziki huo unajaza ukimya ambao Bava aliuacha makusudi. Dracula iliitwa huko Horror of Dracula, na kwa ajili hiyo wengine hudhani ni filamu mbili. Toleo lake lililorekebishwa mwaka 2012 lina vipande vya mwisho vilivyopatikana Japani, Dracula akijichuna uso jua likimchoma, ambavyo wakaguzi wa Uingereza walivikata mwanzoni. Nosferatu ipo pia ya 1979, ya Werner Herzog, yenye rangi na sauti, Klaus Kinski akiwa mnyonya damu mwenye huzuni. Ni nzuri, na anayeogopa filamu bubu anaweza kupitia huko. Suspiria ya 2018 ina zaidi ya saa mbili na nusu na ni kazi nyingine kabisa.

Iliyodhulumiwa zaidi ni ile ninayokupendekeza. Mwaka 1962 Wamarekani waliikata, wakaitia sauti za Kiingereza, na kuionyesha pamoja na filamu ya zimwi lenye vichwa viwili, kwa jina The Horror Chamber of Dr. Faustus. Humo hamna Faustus yeyote. Ukiikuta kwa jina hilo iache, tafuta yenye Kifaransa chake na urefu wa dakika 90.